Mashine ya kung'arishia rangi ya gari: Jumamosi tatu na Harrier nyeusi, Moshi

Nianze na hukumu, ili mwenye haraka asilazimike kusoma mpaka chini: mashine yenyewe ni nzuri kuliko bei yake, dawa za kusugulia rangi zilizokuja nayo zinafaa, pedi zake za sponji ni za hovyo, na karatasi ya maelekezo ni bora ukaitumia kufungia karanga. Nimeitumia kwa Jumamosi tatu nyumbani kwangu, upande wa Rau, kwenye Toyota Harrier nyeusi ya mwaka 2006 niliyoinunua mkononi kwa mtu, na leo gari hilo likisimama juani sioni tena ule utando wa buibui uliokuwa ukinikera kila nilipolipaki mbele ya benki saa sita mchana.

Utando huo watu wengi wanaufahamu bila kuwa na jina lake. Gari likiwa kivulini linaonekana safi. Likitolewa juani, kuzunguka pale mwanga unapopiga hutokea duara la mistari myembamba, kana kwamba mtu amesugua boneti kwa stilwaya. Kwa kweli mistari hiyo haikuchorwa kwa duara. Ni mikwaruzo midogo mno iliyoelekea kila upande, lakini jicho huona ile tu iliyoupinga mwanga, na ndiyo maana duara hulifuata jua popote unaposimama. Chanzo chake ni uoshaji. Mtu wa kwanza kulimiliki gari langu, kwa maelezo yake mwenyewe, aliliosha kando ya barabara kwa sabuni ya unga na tambara lilelile lililotoka kwenye rimu, na vumbi letu si la mzaha: wakati wa kiangazi, ukitoka mashamba ya miwa ya TPC kuja mjini, gari huvaa koti la vumbi la udongo wa volkano lenye chembe ngumu, na kulifuta likiwa kavu ni sawa na kulipiga msasa.

Kabla ya kununua mashine nilikwisha kulipia huduma. Gereji moja mjini, ambayo sitaitaja, ilinitoza shilingi 120,000, nikakabidhiwa gari linalong'aa kama kioo. Baada ya kuoshwa mara tatu mikwaruzo yote ilirudi, na juu yake ukaongezeka ukungu wa mawimbi ulioonekana usiku chini ya taa za kituo cha mafuta. Nilielewa baadaye kilichotokea. Fundi alitumia mashine ya kuzunguka upande mmoja yenye pedi ya sufu, ambayo hukata haraka lakini huacha alama zake yenyewe isipofuatiwa na hatua ya pili laini zaidi, kisha akafunika kila kitu kwa polishi yenye mafuta mengi. Mafuta hayo hujaza mikwaruzo bila kuiondoa. Sabuni ikiyatoa, ukweli unarudi.

Mashine niliyoagiza kutoka Dar es Salaam, kwa shilingi 285,000 pamoja na pedi sita na chupa mbili za dawa, hufanya kazi kwa namna nyingine. Pedi yake huzunguka kwenye mhimili wake na wakati huohuo huyumba kando ya mhimili huo kwa duara la milimita 15, hivyo chembe za dawa hazipiti njia moja mfululizo na joto halijikusanyi mahali pamoja. Kwa mtu asiye fundi huo ndio usalama wenyewe. Ile ya kuzunguka tu, ukizubaa sekunde chache kwenye ukingo wa mlango, hula rangi mpaka bati. Hii ya kuyumba, ukiilemea kupita kiasi, pedi huacha kuzunguka na kubaki inatetemeka. Nilichora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye sahani inayoshika pedi, ili nione kama inazunguka au imekwama, na mstari huo ulinifundisha mengi kuliko karatasi ya maelekezo. Kwenye boneti iliyo tambarare ulizunguka bila shida; kwenye mapindo ya milango na juu ya matairi ulisimama mara kwa mara, nikalazimika kupunguza mkono na kuinyoosha mashine iendane na umbo la bati.

Ina uzito wa kilo 2.6, ambao saa ya kwanza huusikii na saa ya nne unausikia mpaka mgongoni. Ina namba sita za mwendo. Nilitandaza dawa kwa namba 1, nikafanya kazi kwa namba 4, na mara chache nikapanda 5. Mtikisiko wake ni wa kuvumilika. Waya una urefu wa mita tatu tu, hivyo ekstensheni ni lazima, na plagi iliyokuja nayo ni ya miguu miwili ya duara isiyoingia kwenye soketi zetu za miguu mitatu; nilimlipa fundi umeme wa mtaani abadilishe. Kwa kuwa mashine ni ya wati 900, saa kumi za kazi hazimalizi uniti 9 za LUKU.

Sasa nieleze jambo ambalo muuzaji hakulisema na ambalo mnunuzi anapaswa kulijua kabla ya kuigusa swichi. Mashine hii haifuti mkwaruzo. Inalipunguza tabaka lililouzunguka mpaka usawa ulingane na chini ya mkwaruzo. Tabaka hilo la juu kabisa, linaloonyesha rangi iliyo chini yake kama kioo, ndilo mafundi rangi wanaloliita kliya. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia bati hadi juu kabisa, kwa kawaida huwa kati ya maikroni 100 na 150, na katika hizo kliya huchukua takriban 40, yaani chini ya unene wa unywele wa binadamu. Kila unapong'arisha unakula akiba hiyo, na hairudi isipokuwa kwa kupiga rangi upya. Ndiyo maana nilianza na pedi laini na dawa laini kwenye eneo dogo la boneti, upana wa viganja vinne hivi, nikatazama matokeo, kisha nikaongeza ukali kwa hatua mpaka mikwaruzo ikatoka. Kwenye boneti ilinibidi nitumie dawa kali na pedi ngumu. Kwenye milango, dawa laini peke yake ilitosha, na ningekuwa mjinga kuipiga kwa ile kali.

Kipimo kingine nilichokifanya ni cha kitambaa cheupe. Ukiweka tone la dawa mahali pasipoonekana sana, ukasugua kwa mkono, na kitambaa kikatoka na rangi ya gari, basi gari hilo halina kliya juu, unasugua rangi yenyewe. Changu kilitoka cheupe. Rafiki yangu wa Njiro, Arusha, mwenye Toyota nyeupe yenye namba ya rangi 040, alinipigia simu kwa hofu kwamba pedi imegeuka kuwa nyeupe pe. Baadhi ya magari ya namba hiyo hayakupigwa kliya, na hali hiyo si kasoro ya mashine wala ya dawa, ila inataka mkono mwepesi zaidi.

Maandalizi yalikula Jumamosi nzima ya kwanza, na sioni namna ya kuyakwepa. Nililiosha gari kwa ndoo mbili, moja ya sabuni ya magari na nyingine ya maji ya kusuuzia glovu, nikatoa matone ya lami kwa mafuta ya taa na kuosha tena, kisha nikapitisha udongo maalumu wa kusafishia rangi ukiwa umelowa. Udongo huo ulitoka na weusi wa kutisha kwenye paa, hasa upande unaokaa chini ya mjakaranda wa jirani. Baada ya hapo nilibandika tepu ya karatasi kwenye raba za vioo, plastiki nyeusi na kingo kali za milango, kwa sababu dawa ikikauka kwenye plastiki huacha weupe usiotoka kirahisi, na kwenye kingo kliya huwa nyembamba kuliko mahali pengine popote.

Kazi yenyewe niliifanya kwenye banda la gari, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati Kilimanjaro bado iko wazi na bati bado ni la baridi. Jua likishapanda, dawa hukauka kabla haijafanya kazi na hugeuka vumbi jeupe linalong'ang'ania. Nilidondosha matone manne kwenye pedi, nikafanya kazi katika mraba wa sentimita 50 hivi, mizunguko ya kulala na ya kusimama, mara sita kwa mwendo wa taratibu, kila mstari ukiufunika uliotangulia kwa nusu. Mwanzoni nilikimbia, kama mtu anayedeki sebule kabla wageni hawajafika, na sikuona mabadiliko yoyote. Nilipopunguza mwendo mpaka nikahisi nachelewa, utando ukaanza kutoweka.

Chupa mbili za dawa zinastahili sifa. Ile kali hukata vizuri na haitoi vumbi jingi; ile laini huacha weusi wenye kina, kama kahawa iliyomiminwa sasa hivi. Nilihofia kwamba nazo zinaficha tu, kama zile za gereji, kwa hiyo baada ya kila eneo nilipuliza spiriti ya aisopropili iliyochanganywa na maji, nikafuta na kumulika kwa tochi ya simu. Mikwaruzo haikurudi. Mtu asiyefanya hatua hii hajui kama amerekebisha gari au amelipaka mafuta.

Pedi ndizo zilizoniudhi. Katika sita, mbili ziliachana na kitambaa chake cha kunatia, sponji ikaruka upande mmoja na kitambaa kikabaki kwenye mashine, moja ikiwa katikati ya mlango wa mbele. Nilikuwa mwepesi kuinua mkono, la sivyo sahani ya plastiki ingegusa rangi. Sehemu ya kosa ni yangu, maana nilitumia pedi moja kwa muda mrefu mpaka ikapata moto, na pedi hutakiwa kupokezana na kusafishwa kwa brashi kila baada ya eneo moja au mawili ili isijae dawa kavu. Lakini hata zile nilizozitunza zilianza kutanuka kwenye kingo baada ya siku mbili. Anayenunua seti hii aweke kando fedha ya pedi bora, angalau nne za ukali mmoja, na taulo za mikrofaiba zisizopungua kumi. Tambara la fulana ya zamani, hata likiwa laini vipi, linaweza kuirudisha mikwaruzo palepale ulipoitoa.

Umeme ulikatika mara moja, dawa ikiwa imetandazwa kwenye buti. Niliifuta haraka kabla haijakauka na kusubiri. Jirani alipita akiwa na kikombe cha chai, akasimama akalitazama ubavuni.

"Mangi, hilo gari umelipaka rangi upya?"

"Hapana, kaka. Ni ileile ya zamani, nimeipunguza tu."

Alicheka, akaomba nimpigie la kwake wiki ijayo. Nilimwambia alete kwanza tuliangalie, kwa sababu gari lililowahi kupigwa rangi gerejini huweza kuwa na kliya laini kupita kiasi au nyembamba sehemu moja na nene nyingine, na bila kifaa cha kupimia unene sitamwekea mashine yangu kwa kubahatisha.

Kwa jumla nilitumia kama saa 14 za mashine, ukiacha siku ya maandalizi. Je, inalipa? Kwa mwenye gari moja anayelithamini na asiyeona taabu kusimama nusu siku, ndiyo. Gharama yote, pamoja na pedi za ziada na taulo, ilifika shilingi 390,000 hivi, na mashine bado ninayo. Kwa mwenye biashara ya kusafirisha watalii, ambaye Land Cruiser zake zinarudi porini keshokutwa kukwaruzwa na miiba, sioni sababu. Hilo ni tumbo lisiloshiba. Na kwa anayetaka gari ling'ae kwa ajili ya harusi ya Jumamosi hii, ile huduma ya mafuta ya shilingi 120,000 inamtosha kabisa, mradi ajue anacholipia.

Kuhusu kudumu kwa matokeo, mashine haina la kusema. Hilo linaamuliwa na atakayeliosha. Nimepaka nta juu, nimeacha kulipeleka kwa vijana wa barabarani, na kijana anayenisaidia nyumbani amekatazwa kufuta vumbi likiwa kavu hata kama mgeni yuko getini. Miezi miwili sasa, boneti bado ni safi juani.

Kwenye mlango wa nyuma wa kushoto umebaki mkwaruzo mmoja mrefu, nadhani ni wa baiskeli. Nilipitisha ukucha juu yake, ukakwama, maana yake una kina kuliko kliya ninayoweza kuitoa bila kufika kwenye rangi. Nimeuacha hapo.