Morrowind: gemu ya kizamani kwa anayetaka kujua nani anasali wapi

Kama we ni mtu wa kupiga panga na kusonga mbele tu, hii gemu itakuchosha mapema. Ni ya 2002, mtu wako anatembea utadhani kabeba gunia, na unaona laivu panga limempata adui kumbe gemu imeshapiga hesabu zake kimyakimya ikaamua umemkosa. Ila kama we ni wa aina yangu, ukiingia kwenye dunia ya kubuni kitu cha kwanza unataka kujua hawa watu wanaabudu nini na wako wangapi, aisee sijaona inayoikaribia Morrowind, na Skyrim, gemu ya baadaye ya mfululizo huohuo, naiweka humohumo.

Utamu unaanza mwanzo kabisa. Unashushwa melini ukiwa mfungwa, bandari ya Seyda Neen, unapelekwa Ofisi ya Sensa na Ushuru. Ofisi ya sensa! Wanachukua jina, kabila, kazi, hadi nyota uliyozaliwa nayo, halafu wanakupa karatasi zako unaenda. Dini hawaulizi. Sisi Wabongo hapo tuko nyumbani, sensa ya mwisho kutuuliza dini ilikuwa ya 1967, toka hapo kila mtu anatembea na asilimia zake mfukoni na anaapa ndo zenyewe. Na huku ni hivyohivyo, himaya inajua nyota yako ila haijui unasali wapi, kwa hiyo kukadiria ni kazi yako.

Wenyeji wa jimbo hili la Morrowind ni Wadunmer, na Hekalu lao linaabudu miungu watatu walio hai, Almalexia, Sotha Sil na Vivec (Vivec unaweza kumfuata kwenye jumba lake mkaongea). Himaya imekuja na Miungu Tisa yake. Sasa wengi wanakimbilia kuhesabu majengo na hapo ndo wanapotea. Njia yangu mimi ni hati mbili za uchawi: Almsivi Intervention inakurusha kwenye Hekalu lililo karibu, Divine Intervention inakurusha kwenye madhabahu ya Himaya iliyo karibu. Simama Balmora utumie ya kwanza, unatua Hekaluni, mjini humohumo. Tumia ya pili, unajikuta nje ya mji kwenye ngome ya Moonmoth. Ald'ruhn mchezo uleule, safari hii ngome inaitwa Buckmoth. Sadrith Mora unatua Wolverine Hall, ngome tena. Ukishaona hivyo mara kadhaa huhitaji kuambiwa, dini ya Himaya ni ya kambini, wanajeshi na wageni waliofuata biashara, mwenyeji anayeenda kusali huko ni mmojammoja.

Ila usije ukasema basi kila Mdunmer ni wa Hekalu. Wana koo zao kubwa. Redoran sawa, wale ni washika dini kweli. Hlaalu wako karibu na Himaya kibiashara, na wachawi wakubwa wa Telvanni sioni kama wana habari na Hekalu la mtu. Halafu kuna Ashlanders, makabila manne ya wafugaji huko jangwani kwenye majivu, Urshilaku, Ahemmusa, Zainab na Erabenimsun, wao ni mizimu ya mababu tu na hao miungu watatu wanawaita waongo. Ukihesabu majengo hawa wote ni sifuri! Na kuna makuhani walioasi wamejificha Holamayan, maana ukikamatwa unapelekwa Wizara ya Ukweli, gereza lililo ndani ya jiwe kubwa linaloelea juu ya mji wa Vivec, sasa nani atajitaja mbele ya karani? Sijagusa wale raia wa kawaida ambao usiku Dagoth Ur, adui mkuu wa gemu, anawaingia ndotoni. Mchana Hekalu, usiku sijui nini. Wao unawaandika wapi?

Toleo la kompyuta lilikuja na programu ya Construction Set, inakufungulia orodha ya wahusika wote. Nikajua nimemaliza kazi. Wapi! Kuna kabila, kuna kazi, kuna chama, dini hakuna, na raia wengi hata chama hawana.

Makadirio yangu kwa Vvardenfell, kisiwa gemu inapochezwa: Hekalu kama watu sita kwa kumi, Himaya wawili, waliobaki ndo Ashlanders na wengineo. Ila msiyachukue mkayabandika jimbo zima, kwa sababu hiki kisiwa kilikuwa hifadhi ya Hekalu mpaka mwaka 414 wa Enzi ya Tatu kilipofunguliwa kwa walowezi, na gemu inaanza 427, yaani wageni wamejaa kuliko kawaida. Bara ningelipandishia Hekalu, tena sana.

Oblivion, gemu iliyofuata, niliona rahisi mno, miji ya jimbo lake la Cyrodiil karibu yote ina kanisa na mungu wake, umemaliza. Skyrim angalau ina ugumu, mungu Talos kapigwa marufuku kwa mkataba, Windhelm wanamwabudu waziwazi, Solitude nafasi yake hekaluni iko tupu, na kati ya hiyo miji miwili kuna watu kibao wanaokaa kimya.

Ukinunua chukua toleo la Game of the Year, lina nyongeza zote mbili na ile ya Tribunal inakufikisha Mournhold, ndo utaionja bara kidogo. Kompyuta ya zamani inatosha. Kama we ni wa Linux kuna OpenMW, ya bure, ila inataka mafaili ya gemu yenyewe. Nyota nne, ya tano wameila wale cliff racer, ndege gani wale hawakuachi hata uhesabu waumini kwa amani.