Masomo ya afya kwa SMS: uzoefu wangu kutoka zahanati za Kisumu

Kwa muuguzi au tabibu wa zahanati ya Seme, Nyakach au Muhoroni, masomo yanayoingia kwa SMS yana faida kubwa, mradi yamwambie la kufanya mgonjwa akiwa mbele yake. Hicho ndicho kigezo ninachoipimia huduma hii.

Kujiunga hakusumbui. Unatuma neno la usajili kwenye namba fupi, unataja kada yako na kituo chako, basi. Huhitaji bando, kabambe inatosha, na ujumbe unafika hata penye mtandao wa zamani wa 2G tu.

Somo la malaria ndilo lililoandikwa vizuri kuliko yote. Soma ujumbe huu kuhusu AL, dawa ya malaria: "AL, mtoto kilo 5 hadi chini ya 15: kidonge 1. Cha kwanza hapa kituoni, cha pili baada ya masaa 8. Akitapika ndani ya dakika 30, rudia dozi." Yote hayo yametosha ndani ya herufi 160. Kisha linakuja swali: mtoto wa kilo 14 na mwenzake wa kilo 15, kila mmoja apewe vidonge vingapi? Ukijibu kimoja kimoja, unarudishiwa sababu ya kukosa: kuanzia kilo 15 hadi chini ya 25 ni vidonge 2 kwa kila dozi, dozi 6 kwa siku 3. Foleni ikirefuka na mizani ikiwa chumba kingine, hapo hapo mpakani ndipo watu hukosea, na nimefurahi kuona mwandishi wa maswali analijua hilo.

Njia hii ina ushahidi wa hapa nyumbani. Utafiti uliotoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 2011, uliohusu wahudumu 119 wa vituo 107 vya mashambani Kenya, ulionyesha kuwa matibabu sahihi ya AL kwa watoto yalipanda kwa takriban pointi 24 za asilimia. Miezi 6 baada ya jumbe kukoma, tofauti ilikuwa bado ipo. Jumbe zile zilikumbusha mwongozo wa taifa.

Somo la numonia linahitaji kuandikwa upya. Limetumia alama ya ≥ ("au zaidi"), ambayo haimo katika herufi za kawaida za SMS. Ikiingia moja tu, nafasi ya ujumbe inashuka kutoka herufi 160 hadi 70, na maandishi yanakatwa vipande. Kwenye simu za zamani kipande cha pili huweza kutangulia, ukasoma "50 kwa dakika" bila kujua ni ya umri gani. Pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni kipimo cha kupumua haraka kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11. Wa miezi 12 hadi 59 ni 40 au zaidi. Anayempima mtoto wa miaka miwili kwa kipimo cha 50 huenda akamrudisha nyumbani bila amoksilini, dawa ya numonia. Suluhisho ni dogo: andikeni "50 au zaidi". Hata alama ya ng' iliyopindwa na kompyuta huleta shida ile ile, kwa hiyo iwekeni iliyonyooka.

Ukiwa umezuia jumbe za matangazo kwenye laini yako, masomo nayo huenda yasifike. Mwulize msimamizi kama yanatumwa kama matangazo. Na ukiuliza swali kuhusu mgonjwa, taja umri, uzito na dalili. Jina lake usiliandike kamwe: simu huazimwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda.

Kumpumulisha mtoto mchanga kwa mfuko na barakoa hakufundishwi kwa maandishi. Hapo panatakiwa mwanasesere, mkufunzi na mikono yako mwenyewe. Tena, kabla ya kujiunga, thibitisha kama baraza lako la taaluma linayahesabu masomo haya kwenye pointi za kuhuisha leseni.