Barakoa ya vichujio vya mkaa: miezi mitano kwenye vanishi

Napuliza vanishi kwenye milango na makabati hapa Kizota, Dodoma, mwaka wa 11 sasa. Barakoa hii ya mpira, yenye vichujio viwili mashavuni, nimenunua Sh 70,000. Imenichukua wiki mbili kuipata, maana duka la kwanza waliniuzia ya kitambaa wakasema inatosha. Haitoshi! Kitambaa kinazuia vumbi la msasa tu, mvuke wa thina unapita kama hakuna kitu. Unanaswa na mkaa ulio ndani ya kichujio.

Niseme kwa nini nilikazana. Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa anapuliza kabati la milango minne. Akamaliza, akanawa mikono kwa thina kama tulivyozoea, kisha akaishika tena bunduki ya kupulizia na kuanza mlango wa kwanza. Nikamwambia, "Kaka, huo tayari." Akaniangalia kama namsingizia. Ana miaka 49. Kwa miezi tulisema ni mawazo, na hasira zake tukazivumilia. Daktari ndiye aliyetueleza kwamba toluini na wenzake, kemikali zilizomo kwenye thina, huyeyuka kwenye mafuta, na ubongo una mafuta mengi, basi hukimbilia huko. Kuacha kuvuta mvuke huo kunazuia hali isizidi, ila kilichoharibika mara nyingi hakirudi. Denmark mafundi rangi walikuwa na malalamiko haya tangu miaka ya 1970, na mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani likaupangia ugonjwa huu madaraja. Sisi tulikuwa tunauita "kulewa rangi" na kunywa maziwa.

Sasa barakoa yenyewe. Siku ya kwanza sikusikia harufu kabisa, na jioni kichwa hakikuuma. Inabana vizuri, mradi unyoe ndevu, la sivyo hewa inaingia pembeni. Joto la saa nane mchana jasho linajaa kidevuni, navua kila nusu saa, nje, mbali na karakana.

Tatizo kubwa ni vichujio. Mkaa ukishajaa hausafishiki, na ukiviacha wazi usiku vinaendelea kufyonza. Navifunga kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Ukisikia harufu, badilisha siku hiyo hiyo. Jozi ni Sh 28,000 na mara mbili nimekuta vimeisha dukani, nikasimamisha kazi ya mteja siku tatu. Nunueni jozi mbili kwa mpigo, zikiwa na vile vipande vyeupe vya mbele vya kuzuia matone.

Kijana wangu wa kazi nimemnunulia yake. Kunawa kwa thina nimemkataza, chupa nimeiondoa pale kwenye ndoo ya maji.