Unarekodi vokali hosteli? Maiki za kununua, kuanzia ya kwanza hadi ya kuiacha dukani

Chumba cha hosteli hakinyamazi. Feni inazunguka, jirani kafungulia sabufa, koridoni watu wanaitana, bodaboda zinapita chini ya dirisha. Prodyuza mwenye studio iliyotulia anaweza kununua maiki inayonasa kila kitu. Wewe unataka maiki yenye sikio zito, na hicho ndicho kigezo nilichopangia orodha hii. Bei inafuata nyuma.

Kwa hiyo tafuta dainamiki (aina ya maiki za jukwaani), si kondensa (aina ya studio inayonasa hata sauti ndogo). Usidhani dainamiki inafukuza kelele yenyewe, maana ukiimba ukiwa mbali nayo utarekodi feni vilevile. Faida yake ni kwamba inakubali uisogelee mdomoni bila kuharibika sauti. Ukitoka sentimita 20 ukaja 10, sauti yako inapanda kwa karibu desibeli 6, na feni inabaki pale pale ilipokuwa.

Ya kwanza ni Samson Q2U. Ina USB na XLR (tundu la maiki lenye pini tatu) kwenye mwili mmoja, kwa hiyo leo unaichomeka kwenye laptopu, na siku ukipata saundi kadi, kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta, unabadili waya tu. Tundu la hedifoni liko kwenye maiki yenyewe, unajisikia papo hapo. Hilo si dogo: sauti ikikurudia imechelewa, utaimba nje ya biti na kudhani tatizo ni wewe. Nje ya nchi huuzwa kati ya dola 70 na 100, ukiagiza ongeza usafiri na ushuru. Iweke kwenye stendi, ukiishika mkononi itarekodi vidole vyako.

Ya pili ni Behringer XM8500 pamoja na saundi kadi ndogo kama UM2 ya kampuni hiyo hiyo. Maiki ni kama dola 20 na kidogo, saundi kadi inazidi hapo. Nimeishusha kwa sababu vitu vya kukorofisha ni vingi zaidi, hasa waya. Muuzaji atakupa waya wa karaoke unaoishia kwenye jeki nene, ukatae. Kwenye UM2 jeki hiyo haipiti njia ya maiki, inaingia njia ya vyombo vyenye sauti kubwa tayari, na vokali yako itasikika kama mtu aliye chumba cha tatu. Dai XLR kwa XLR.

Shure SM58 nayo? Ipo tangu 1966 na majukwaa yote yanaijua, lakini kwako ni ya tatu. Ni kama dola 100 kabla hujagusa saundi kadi, na inahitaji geini nyingi, yaani sauti yake ikuzwe sana: saundi kadi ya bei ndogo itaanza kutoa mlio wa "shhh" unapoimba taratibu. Halafu feki zimejaa sokoni. Halisi ina gramu 298. Ukipewa inayoelea mkononi kwa theluthi ya bei, hilo si punguzo.

Boya BY-M1 ya kubana kwenye shati inasikia pande zote. Itoshe kwa video na kwa kuhifadhi wazo lisipotee.

Ya kuiacha dukani ni BM-800, ile inayokuja na mkono wa kukunja, sponji na boksi lenye maneno makubwa. Ni kondensa. Ukiichomeka kwenye tundu dogo la laptopu inatoa sauti nyembamba yenye mlio wa "shhh". Ukiipa umeme wake wa volti 48 kupitia saundi kadi inafanya kazi, na hapo ndipo balaa linapoanza: itanasa hadi mwenzako anavyojigeuza kwenye dabodeka.

Pesa inayobaki nunua hedifoni zinazofunika masikio kabisa, biti isivuje ikaingia kwenye maiki. Sponji za ukutani ziache, na trei za mayai zirudi kwa muuza chipsi. Hazizuii kelele ya jirani. Blanketi nzito litundike nyuma ya mgongo wako, kwa kuwa maiki hizi, ukiitoa ile Boya, husikia zaidi mbele, na mbele yake ndiyo wewe na ukuta ulio nyuma yako. Kisogo cha maiki kielekeze dirishani. Chomoa chaja ya laptopu kama kuna mvumo, zima feni kila unaporekodi mstari, na rekodi wenzako wakiwa kwenye vipindi. Programu ya kurekodi ya Audacity ni bure na inatosha. Kwenye kipimo chake, vilele vya sauti viishie karibu na desibeli -12.

Dukani, iwe Kariakoo ya Dar au Luthuli ya Nairobi, usiogope makelele ya pale. Nenda na laptopu yako, imba karibu na maiki, kisha nyamaza kidogo huku inaendelea kurekodi. Sikiliza palepale kwa hedifoni: kama kwenye ule ukimya wateja wanaobishana bei wanasikika karibu sawa na ulivyoimba, mrudishie.