Randa namba 4: ya Canada, ya hardware na ya fundi mzee, hela yako iende wapi?

Mambo vipi mafundi wenzangu, na nyie vijana mnaojifunza useremala huko vyuoni, karibuni tena karakana hapa Tabora. Leo mezani nna randa tatu, zote za kulainishia, saizi ya namba 4, na nimezileta kwa sababu ya swali moja ambalo kila nikipita kwa mafundi wa Isevya naulizwa: kaka, vifaa vya yale maduka ya useremala wa kitaalamu huko nje mbona vimepanda bei hivi, tusubiri vishuke au tuachane navyo?

Tuanze na hii ya kushoto. Hii ni Veritas, inatoka kwa Lee Valley wa Canada, wako Ottawa, wameanza 1978. Sio yangu, ni ya mteja amekuja nayo akaniazima niijaribu kwenye mninga wetu. Wenzao ni Lie-Nielsen wa Marekani, jimbo la Maine, hao wameanza 1981. Lie-Nielsen kazi yao ni vifaa vya seremala basi, na namba 4 yao saivi inavuka dola 300 kabla haijafungwa hata kwenye boksi la kuja huku.

Sogeza kamera hapa. Naweka rula ya chuma kwenye tumbo la hii Veritas, ule upande wa chini unaoteleza kwenye mbao, naielekeza dirishani, angalia chini ya rula. Hamna mwanga. Mbele hamna, katikati hamna, nyuma hamna. Sasa hii ya pili, mpya kabisa, nimeinunua hardware hapa hapa mjini, jina sitaji, bei yake haifiki laki. Rula ile ile. Umeona? Pale karibu na mdomo, yaani ule upenyo kisu kinapotokea, mwanga unapita kama chini ya mlango, karatasi naingiza na kutoa. Sasa hapo ndo pabaya kuliko kote, kwa sababu mdomo ndo unatakiwa ukandamize mbao sekunde ile kisu kinakata, usipokandamiza nyuzi zinainuka zinang'oka, na mninga wenye nyuzi zinazopishana hauna huruma, utakuachia mashimo mpaka upige msasa hadi mkono ukuume. Na vumbi la mninga linavyowasha pua mnalijua wenyewe.

Kwa hiyo wale wa maduka ya kitaalamu wanachouza ni huo unyoofu. Chuma chao wanakipumzisha kwanza kisije kujipinda baadae, ndo wanakisaga, wanakipima, kinachokataa kinarudi. Kazi hiyo inafanywa na watu wanaolipwa mshahara wa Canada na Marekani. Mimi siwezi kusimama hapa nikasema wanatuibia, sio kweli, nimeishika hii randa wiki nzima na kila hela iliyowekwa humu naiona.

Ila bei imepanda kwa sababu nyingine pia ambazo hazihusiani na ubora hata kidogo. Mnakumbuka 2021 baada ya korona kuvuruga meli, kontena la futi 40 kutoka Asia lililokuwa linasafirishwa kwa dola elfu moja na kitu, elfu mbili, likafika dola 10,000 na zaidi kwenye baadhi ya njia. Likaja kushuka, alafu mwishoni mwa 2023 meli zikaanza kukimbia Bahari ya Shamu zinazunguka Afrika Kusini, gharama juu tena. 2025 Marekani wakaweka ushuru wa chuma kutoka nje asilimia 25, mwezi wa sita wakaupandisha mpaka 50, na mwezi wa nane wakafuta ule msamaha wa vifurushi vidogo vya chini ya dola 800, kwa hiyo mteja wa Marekani anayeagiza patasi moja tu kutoka Canada naye ushuru unamhusu. Duka dogo linalouza randa na patasi tupu halina pa kujificha, haliuzi friji likafidia huko, likibanwa linapandisha bei au linafunga.

Na sisi tuna la kwetu juu ya hayo yote, dola. Piga hesabu na mimi. Kitu cha dola 300, 2021 dola ikiwa kama 2,300, ni laki sita na tisini. 2024 dola ikavuka 2,600, kitu kile kile, duka halijaongeza hata senti, ni laki saba na themanini. Elfu tisini imeongezeka na hujapata hata skrubu ya ziada! Weka VAT ya asilimia 18, hiyo ni laki moja na arobaini na kitu, umeshapita laki tisa na bado hujalipia usafiri wala ushuru wa forodha. Fundi anayetengeneza vitanda na milango hapa Tabora hiyo hela akiipata ananunua mbao, na yuko sahihi, mimi simshauri mtu yeyote akakope kwa ajili ya randa.

Sasa njoo kwenye hii ya tatu, na hii ndo sababu ya video. Hii ni Record ya zamani, ya Sheffield, Uingereza, nimeinunua kwa mzee mmoja aliyestaafu useremala. Ilikuwa na kutu, mpini umepasuka. Mfumo wake ni ule wa Leonard Bailey, yule Mmarekani ambaye hataza zake, yaani haki za uvumbuzi wake, zilinunuliwa na kampuni ya Stanley 1869, Record nao wakaufuata, ndo maana hata leo kisu cha Stanley mara nyingi kinaingia kwenye Record bila ugomvi. Chuma cha mwili wake kimekaa miaka na miaka, kama kilikuwa cha kujipinda kimeshajipinda, kwa hiyo ukikinyoosha leo kinabaki hivyo.

Kukinyoosha ni hivi. Nenda kwa mafundi wa aluminiamu omba kipande cha kioo kinene, kile chembamba cha dirisha kinabonyea. Bandika msasa namba 80 juu yake. Tumbo la randa lichore mistari ya penseli au maka, kisu kiache ndani umekirudisha juu kisiguse na umekikaza kama unavyokikaza ukifanya kazi, maana mkazo wenyewe unaupinda mwili kidogo. Sugua mbele nyuma bila kulalia upande mmoja, geuza uangalie mistari. Ikibaki katikati endelea. Usihangaike tumbo zima ling'ae, unachotaka ni ncha ya mbele, ukingo wa mbele ya mdomo na mwisho wa nyuma viguse kwa pamoja, basi. Malizia na 120 na 220. Alafu paka nta ya nyuki, na hapa Tabora nta tunayo, wenzetu huko wanainunua kwenye vikopo vidogo. Sasa sikiliza... umesikia huo mlio? Cheki maranda yanavyotoka, marefu, mapana, ukiyashika unaona kidole kwa upande wa pili. Na huu mninga nimeuranda kinyume na nyuzi makusudi.

Niseme ukweli wote, kwenye mkurungu Veritas bado inaishinda, ule mti ni mgumu na kisu chembamba cha Record kinatetemeka. Visu vya kizamani vina unene wa kama milimita 2, vya hawa wa kisasa vinafika 3 na zaidi. Kwa hiyo kama una hela ya kupeleka kwenye maduka ya kitaalamu, peleka hapo, agiza kisu peke yake. Ni sehemu ndogo tu ya bei ya randa nzima, ni kipande bapa hakina uzito, na mafundi watatu wanne mkichangia kifurushi kimoja usafiri unagawanyika. Hii mpya ya hardware mimi nitaitumia kwa kazi chafu, kutoa ngozi ya mbao mbichi, kulainishia hapana.

Kabla hujaagiza pima upana wa kisu chako, namba 4 ya kawaida ni inchi 2, na namba 5 nayo ni inchi 2, kwa hiyo kisu kimoja kizuri kinafanya kazi kwenye zote mbili. Kikija kinene kikagoma kupita mdomoni, kwanza rudisha nyuma kile kibebeo cha kisu, legeza skrubu zake mbili, sogeza, kaza. Bado kinagoma ndo uchukue tupa, upige ukingo wa mbele wa mdomo kidogo kidogo huku unajaribisha kisu kila baada ya mipigo michache, ukiwa umechora mstari kwa skwea kwanza, kwa sababu chuma ulichokitoa pale hakirudi.