Programu ya kuandikia iliyonifichia kitufe cha Sawa

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aende zake: nyota moja kati ya tano, nayo nimeitoa kwa shingo upande.

Jina la programu silitaji, bado nina leseni yao na sitaki maneno. Ni programu ya kuandikia maandishi matupu kwenye kompyuta, ya kulipia, na wanaoitumia wataijua wenyewe. Inafungua faili za aina gani, ina rangi ngapi, hayo mtayasoma kwenye tangazo lao. Mimi ugomvi wangu ni kitufe.

Kazi yangu ni uhariri, kutwa niko na miswada ya watu. Macho si yale ya zamani, kwa hiyo kwenye laptopu nimekuza kila kitu hadi asilimia 125. Skrini yenyewe ni ile ya kawaida iliyojaa maofisini, pikseli 1366 kwa 768. Sasa fungua dirisha la mipangilio la hii programu. Limechorwa kwa kimo cha pikseli 600, halipungui wala haliongezeki. Zidisha kwa 1.25 upate 750. Kwenye zile 768 toa mwambaa wa Windows wa chini, unaokula kama 50 kwa ukuzaji huo, unabakiwa na 718. Dirisha la 750 litaenea wapi? Vitufe vya chini vyote vitatu, Sawa, Ghairi na mwenzao, vimezama. Unachagua fonti, unaridhika nayo, halafu unatafuta pa kubonyeza hupaoni. Ukilisukuma dirisha juu kwa kipanya linarudi lenyewe. Kona ukiivuta haivutiki.

Nikasema si neno, nabonyeza Enter, maana kwenye madirisha ya namna hii nimezoea Enter kuwa Sawa. Humu Enter wamempa yule wa tatu, Rejesha ya Awali! Sikumwona, sikuulizwa kama nina uhakika, na orodha yangu ya vifupisho niliyoijenga kidogo kidogo tangu nianze kuitumia ikafutika yote. Kila nikiandika "kk" nikitegemea itoke "kwa kuwa", inabaki "kk" inanitazama.

Hapo ndipo nilipofunga safari hadi Kariakoo kwa wakala aliyeniuzia. Kijana aliniamkia vizuri, "Shikamoo mama," nikaitikia marahaba, na adabu ikaishia hapo. Nimefungua laptopu juu ya kaunta, namwonyesha, yeye macho kwenye simu.

"Mama, programu iko poa. Mashine yako ndiyo ndogo. Hiyo inataka skrini ya 1920."

"Sasa mwanangu, mbona siku mnapokea hela hamkuniambia?"

"Imeandikwa kwenye boksi."

Boksi lipi? Nilipewa namba za leseni kwenye kikaratasi. Nilipomwambia hivyo akamgeukia mwenzake, akacheka, "Wazee bwana." Nikafunga laptopu yangu nikaondoka. Kwenye daladala ndipo majibu yote mazuri yakaja.

Jibu la kwanza ni hili. Ule mwongozo wa kimataifa wa ufikivu, WCAG, tangu toleo la 2008 unataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila maudhui wala kazi ya ukurasa kupotea. Uliandikwa kwa ajili ya tovuti, najua, lakini macho ya kusomea tovuti na ya kusomea muswada ni haya haya. Mimi sijafika hata 150 na kitufe kimeshapotea.

Tena kinachoniuma ni kwamba hawa watu wanajua kazi. Sehemu yenyewe ya kuandikia ni nzuri, na hapa sina budi kusema kweli. Mimi huweka madirisha mawili ubavu kwa ubavu, muswada wa mwandishi kushoto, wangu kulia. Ukilibana dirisha la hii programu, mistari inajikunja upya papo hapo, na ule mstari uliokuwa unausoma unabaki pale pale ulipokuwa. Nimetumia programu ambazo ukizipunguza upana tu zinakutupa kurasa tatu nyuma, uanze kutafuta umefika wapi. Notepad yenyewe ya Windows, mpaka lile toleo la 2018, ilikuwa ukiwasha kukunja mistari inakunyima namba ya mstari na safu uliyopo. Hawa hilo wamelipatia tangu siku ya kwanza. Kwa hilo peke yake ningewapa nyota tatu. Hata nne.

Lakini tazama paneli ya pembeni, ile yenye orodha ya faili. Nusu ya skrini yangu ni pikseli 683. Paneli imepimwa 300, kwa ukuzaji wangu ni 375, na hata dirisha liwe jembamba namna gani haitoi hata pikseli moja, imekaa kama mpangaji asiyelipa kodi. Maandishi yanabakiwa na 308. Kwa fonti ninayoisoma bila kukunja uso, ni kama maneno manne kwa mstari. Nimenunua programu ya kuandikia au ya kuangalia majina ya faili? Dirisha likipungua, paneli ndiyo ijikunje kwanza, kisha vitufe vya juu viingie kwenye menyu, na maandishi yawe ya mwisho kabisa kuguswa. Hilo halihitaji digrii.

Mpwa wangu anayesomea kompyuta ndiye aliyenithibitishia. Alikaa mezani kwangu akaandika kidirisha kwa lugha ya programu ya Python na Tkinter, zana yake ya kuchora madirisha, mistari michache tu. Mara ya kwanza akalivuta dirisha likawa kubwa, kisanduku cha kuandikia kikabaki kidogo vile vile, pembeni kijivu kitupu. "Unaona, mamdogo? Humu kila safu huanza na uzito sifuri. Usipoiambia ichukue nafasi, haichukui." Akaongeza uzito wa moja kwa safu na kwa mstari, akakiambia kisanduku kishike pande zote nne, akavuta tena. Kikafuata kona hadi mwisho. Kisha akanionyesha jingine: kwa ile njia ya kupanga vitu kwa foleni, nafasi ikiisha anayekatwa kwanza ni aliyepangwa mwisho. Vitufe vikipangwa mwanzo na kuegeshwa chini, dirisha likibanwa ni orodha inayopungua, vitufe vinabaki vinaonekana. Chai haikuwa hata imepoa.

Yeye pia ndiye aliyenipa dawa ya muda, na wenye shida kama yangu waichukue: shika Alt ubonyeze kitufe cha nafasi, kisha M, kisha mshale wa juu. Dirisha linapanda hadi kichwa chake kinatoka nje ya skrini, na vitufe vinaibuka huku chini.

Alitaka pia nihamie Vim, programu nyingine ya kuandikia, ambayo ukiibana hata ikabaki na mistari michache haipotezi akili. Hiyo kwanza naiheshimu kwa jambo lingine: marehemu Bram Moolenaar, aliyeitengeneza, hakudai hela ya leseni, aliomba anayeipenda achangie watoto wa Kibaale kule Uganda. Roho ilipenda. Vidole vikakataa katakata.

Basi nikaandika barua pepe makao makuu, ndefu, ya hasira. Kimya. Majuzi likaja toleo jipya na maelezo yanajisifu kwamba dirisha la mipangilio sasa linaweza kubadilishwa ukubwa. Nikasema kumbe wamesikia, nikawa tayari kufuta maneno yangu yote. Nikalifungua. Kona inavutika kweli, na vitufe sasa navifikia. Nikalipanua hadi nusu ya skrini nione vizuri orodha ya vifupisho, ambayo nimeanza kuiandika upya. Orodha imebaki na mistari yake mitano, imejibanza juu kushoto, na chini yake eneo zima la kijivu halina kitu. Uzito sifuri! Na Enter bado ni Rejesha ya Awali.

Nyota mbili, basi, kwa ajili ya ile namna inavyokunja mistari. Mkiniuliza kesho huenda nikasema tatu, maana usiku huu nina sura mbili za kumalizia na nitazisomea humo humo. Yule kijana wa dukani simpi hata nusu.