Duka la zana lisilo na bango, Mtaa wa Rufiji, Mwanza: mwenye duka anayesoma chuma, si boksi

Duka lenyewe utalipita mara mbili kabla hujaliona. Liko kwenye kichochoro kinachochepuka kutoka Mtaa wa Rufiji, mlango wa bluu uliobabuka, na mwenye duka ni mama wa makamo tunayemwita Mama tu. Mbele kuna zana mpya zimening'inizwa. Nyuma kuna madumu yaliyokatwa nusu, yamejaa mtumba: spana, soketi, plaizi, bisibisi, vyote vimepakwa oili chafu visishike kutu. Usiende na shati jeupe.

Mimi ni fundi wa mashine za mitumbwi kule Igombe, na sababu ya kuacha maduka makubwa nikaenda kuinama kwenye madumu ni moja: Mama anakwambia zana imetengenezwa nchi gani, kisha anakuonyesha amejuaje. Hapa mjini ukiuliza "hii ya wapi?" jibu ni "ya Dubai hiyo fundi, sio Mchina." Dubai ni njia tu. Mzigo uliotoka kiwandani China ukapumzika Dubai bado ni wa China, na hata karatasi za forodha zina nafasi mbili tofauti, moja ya nchi mzigo ulikosafirishwa na nyingine ya nchi ulikotengenezwa. Wauzaji wengi wanakusomea ile ya kwanza.

Kwa zana mpya, Mama haanzi na boksi. Boksi linaweza kuwa na rangi za bendera ya Ujerumani na maneno "Germany Technology" makubwa kama bango la mgombea, halafu ukiligeuza, chini kabisa, herufi za kuumiza macho: "Made in P.R.C." Hiyo ni Jamhuri ya Watu wa China, imeandikwa kifupi wanunuzi wasishtuke. Anatoa zana, anaifuta, anatafuta maandishi kwenye chuma chenyewe. Kama chuma hakisemi nchi, anasema "haijajitaja" na bei inashuka.

Siku moja kijana mmoja alibishana naye kuhusu msimbo wa mistari (barcode) wa kwenye boksi. Alikuwa na seti ya bisibisi, namba inaanza na 400, akasema basi ni ya Ujerumani, kaona kwenye simu. Mama akamwambia ni kweli 400 hadi 440 ni za Ujerumani, 690 hadi 699 ni za China, na sisi Tanzania tuna 620. Ila namba hizo zinasema kampuni imejiandikisha wapi, hazisemi kiwanda kiko wapi. Kampuni ya Ujerumani inaweza kutengenezewa bisibisi zake Asia na mistari ikabaki ile ile ya 400. Kijana hakupenda. Alinunua hata hivyo, kwa bei ya "haijajitaja".

Utamu hasa uko kwenye mtumba. Chukua seti iliyochakaa. Mjapani, bolti ya unene wa milimita 8 huipa kichwa cha 12, na ya milimita 10 huipa kichwa cha 14. Mjerumani kwa bolti hizo hizo alizoea 13 na 17. Sasa Mama haulizi muhuri kwanza, anaangalia midomo ya spana. Kama 13 na 17 zimelika na 12 ni kama mpya, seti hiyo imefanya kazi kwenye gereji ya magari ya Ulaya, hata aliyeileta aape imetoka Japani. Kwa sisi wa ziwani hili si mchezo, maana mashine zetu nyingi ni za Kijapani na 12 na 14 ndizo ugali wetu wa kila siku.

Baada ya midomo, ndipo muhuri. Ukikuta "West Germany" ujue kwa kawaida spana hiyo ilifuliwa kabla ya Oktoba 1990, maana baada ya hapo Ujerumani ni moja na muhuri ukabaki "Germany". Hazet na Gedore, kampuni za zana za Kijerumani, wote asili yao ni Remscheid, mji wa mafundi zana. KTC ni kampuni ya Kyoto, Japani. Kuna muhuri mmoja unaowapoteza watu wengi: "Chrome Vanadium". Nimesikia mtu akiuziwa kama jina la kampuni ya Ujerumani! Ni mchanganyiko wa chuma tu, na China wanaufua, India wanaufua, kila mtu anaufua.

Bisibisi za nyota nazo zinunue kwake. Skrubu nyingi za Kijapani, zikiwemo za kabureta, zina nyota inayofanana na ya kawaida lakini si ile. Nyingine utaziona zina kidoti kidogo kichwani. Bisibisi ya nyota ya kawaida inapanda juu na kuila skrubu, na kabureta imeharibika mikononi mwako huku mvuvi amesimama anakutazama. Mama anazo za Vessel, kampuni ya Osaka, Japani, zimetumika lakini ncha ni kali. Nililipa shilingi 8,000 kwa moja na sikuomba punguzo.

Tunapokosana ni kwenye bei. Kwa Mama, Ujerumani ni dini. Plaizi ya Knipex ya mtumba, inayofuliwa Wuppertal, anaitaja bei kisha anatazama pembeni. Kwa upande wangu, Taiwan inaonewa. Soketi zangu zinazofanya kazi ngumu kuliko zote zimeandikwa Taiwan, na bado hazijapasuka. Isitoshe, nyingi mnazoziita za Marekani zilianzia huko huko. Kuna kesi ya Marekani ya mwaka 1992: kampuni ilileta soketi na mipini kutoka Taiwan ikiwa imeshapewa umbo, ikaipasha moto kuikomaza, ikaipaka kromu na kuiunganisha Marekani, ikataka ihesabiwe ya kwao. Mahakama ikakataa: jina, tabia na matumizi ya kitu hayakubadilika, kwa hiyo ni ya Taiwan. Nilimsimulia Mama. Alicheka, bei ya Mjerumani haikushuka hata mia.

Kwenye dumu la majembe nilikuta kuukuu moja lina muhuri wa UFI, kiwanda cha Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China. Hilo tulilicheka wote: la nyumbani kabisa, na Mchina yumo. Akakataa kuliuza.

Mabaya sasa. Mwanga ni mbovu, nenda na tochi, maana mihuri mingine imefutika na bila mwanga wa ubavuni huisomi. Akishakuuzia mtumba harudishi. Spana ya kupimia nguvu ya kukaza hana, na akiwa nayo usiichukue bila kuipima, nchi yoyote itoke. Kubwa kuliko yote: risiti anatoa, lakini inasema "zana" basi. Maneno yote mazuri ya Japani na Remscheid yanabaki hewani. Tuna Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, na kudanganya asili ya bidhaa ni kosa. Lakini utalalamika na nini, risiti imeandikwa "zana"?

Nilimwambia aandike nchi kwa kalamu nyuma ya risiti. Kwanza alisema, "Fundi, wewe huniamini?" Nikamwambia nakuamini Mama, sijui kama mwanao akikaa hapa siku umeenda Magu atasoma midomo ya spana kama wewe. Alinung'unika kwa Kisukuma, akachukua kalamu. Kwa hiyo mkienda, ombeni. Anafunguaga saa tatu, Ijumaa hufunga mapema, na mzigo mpya wa mtumba huwa anaumwaga chini siku unapofika, kabla hajauchambua. Hapo ndipo bei iko upande wako, kama unajua kusoma.